Lete Mtu wa Kwenu

Jumatatu, 16 Februari 1976

Gunia la Uganda limefika posta limelowa. Nimezianika barua juu ya kaunta kama maharagwe. Mbili hazisomeki. Nimeandika ripoti.

Redio ofisini tangu asubuhi. Yule jenerali wa Kampala anasema mipaka ya Mwingereza ilikosewa, ati nchi yake inafika karibu na Nairobi. Wenzangu wamecheka. Mmoja ameuliza kama Embu itabaki Kenya ama tuanze kujifunza Kiganda. Mimi sikucheka. Mtu akianza kulipima shamba lako kwa mdomo, jua panga liko njiani.

Saa sita amekuja Kato, yule mwalimu Mganda wa sekondari ya Manyatta. Stempu moja, kama kila wiki. Foleni nzima ilimtazama kana kwamba hotuba aliitoa yeye. Akanishukuru kwa Kiganda, "Webale, ssebo," akaondoka. Ana adabu. Lakini binti yangu Karimi anafundisha shule ya msingi ng'ambo ya barabara kutoka kwake, na wameonekana wakitoka kanisani pamoja mara tatu. Mimi si kipofu.

Jumapili, 29 Februari

Karimi amesema mwenyewe. Anamtaka Mganda. Ana miaka ishirini na mitatu na mshahara wake, akasimama mbele yangu, macho makavu. Nimemwambia nitafikiri. Mama yake alishafikiri zamani, naona. Ati kijana anakula githeri, mahindi na maharagwe yetu, bila kuchambua.

Nimeuliza habari za kwao. Baba na mama walikufa. Alikuwa na pacha wake, Wasswa. Askari walimchukua miaka minne iliyopita, wakamtia kwenye buti ya gari mbele ya duka, watu wakitazama. Hakuonekana tena. Amebaki baba mdogo mmoja, mzee Kaggwa, huko Masaka. Kato alivuka kuja Kenya na vyeti vyake vimeshonewa ndani ya koti.

Namhurumia. Lakini huruma si posa.

Jumamosi, 6 Machi. Meru

Nyumbani. Kato amekuja kuposa. Peke yake!

Maskini, alikuwa amejitahidi. Fungu la miraa alilinunua Majengo, limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba wenyewe, si nailoni. Kuna mtu huko alimfundisha namna ya kulibeba. Asali, kibuyu kimoja. Akavua viatu mlangoni, jambo ambalo sisi hatufanyi, akaingia na soksi. Soksi moja ilikuwa imetoboka.

Kaka yangu mkubwa, M'Mwirichia, akamwuliza: "Msemaji wako yuko wapi?" Akajibu atasema mwenyewe. Wazee wakatazamana. Kwetu fungu la kuposea haliletwi na anayeoa. Linaletwa na watu wake. Baba wa msichana akilifungua na kutafuna, amekubali, maneno yamekwisha. Sasa nifungue, nimjibu nani? Wakikosana kesho, nimwite nani? Mtoto akizaliwa, apewe jina na nani? Mtu hajiposei kama anayejinunulia mbuzi sokoni.

M'Mwirichia alikuwa na njia. Alisema tumtafute mzee wa hapa hapa, awe baba yake wa kuazima, asimame naye siku hiyo. Ilifanyika zamani kwa waliopoteza watu wao wakati wa njaa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Aliyekataa ni mimi. Nilisema mtu mwenye damu yake hai haazimi baba.

"Lete mtu wa kwenu," nikamwambia kijana. "Hata mmoja. Hata kama ni kiwete."

Nilijisikia nimesema neno zito la kiume. Fungu tumeliweka darini. Halirudishwi na halifunguliwi mpaka mwenyewe aje na watu wake.

Jumanne, 9 Machi

Kato amemwandikia baba yake mdogo. Alinisomea barua kwa Kiswahili pale dirishani, sikumwuliza. Njoo unisemee, Baba, nimepata mke lakini sina mdomo. Nikamshauri aitume kwa rejista. Nimegonga muhuri wa Embu mara mbili, nikibonyeza sana usomeke. Nyuma ya bahasha ameandika: ukifika Embu nenda posta, uliza karani wa dirisha la tatu.

Huyo ni mimi.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Kato amekula kwetu. Hakuna jibu. Barua ya rejista kwenda Masaka, wiki sita! Zamani ilikuwa siku nne. Posta ya Afrika Mashariki ni moja, Nairobi, Kampala, Dar, vifungo vya makoti yetu ni vilevile, lakini siku hizi kila gunia linakaa mpakani likichunguzwa kama mwizi.

Karimi alicheka leo mpaka akashika meza. Kato alikuwa anajaribu kusema Kimeru. Sijamsikia akicheka hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Jumatano, 19 Mei

Gunia la Uganda nalifungua mimi mwenyewe sasa. Wenzangu wananitania, ati nina mchumba Kampala. Jibu la Masaka? Hakuna.

Jumatatu, 5 Julai

Lo. Wanajeshi wa kutoka mbali wameshuka Entebbe kuokoa mateka wa ndege. Watu wamekufa. Inasemekana ndege zao zilitua Nairobi kutia mafuta. Jenerali ametangaza kwamba Kenya itajuta.

Kato hakuja kununua stempu.

Jumatatu, 12 Julai

Wakenya wanauawa huko. Waliobaki wanavuka Busia na godoro kichwani. Malori ya mafuta yamesimamishwa. Tumeambiwa magunia ya Uganda yasitoke mpaka tupate amri.

Manyatta mtu ameandika JASUSI kwa makaa kwenye mlango wa Kato. Karimi aliuosha mwenyewe, saa nne asubuhi, mbele ya watu wa soko, kwa sabuni na brashi ya sakafu. Mama yake ananieleza haya kwa fahari. Mimi nimeona aibu tu. Binti yangu amepiga magoti mlangoni kwa mwanamume ambaye fungu lake halijafunguliwa.

Jumapili, 18 Julai

Karimi ni mjamzito. Miezi mitatu.

Nimepiga meza. Kikombe kimeanguka, kile chenye maua tulichopewa siku ya harusi yetu, kishikio chake kimekatika. Mke wangu ameokota vipande.

Jumatatu, 19 Julai

M'Mwirichia ametuma mtu. Amesikia. Anasema tumalize mambo, mzee wa kuazima yupo, Jumamosi hii hii tunaweza. Nimejibu hapana. Mara ya pili sasa. Nimesema familia yetu haitaanza kufunika mambo kwa baba wa kuazima, kisha watoto wa binti yangu waitwe watoto wa mtu asiye na kwao.

Jioni Kato alikuja nilipomwita. Nimeandika maneno jinsi yalivyokuwa, nisije nikayabadilisha baadaye.

Nikasema: "Nataka mtu wa kwenu kabla tumbo halijaonekana."

Akasema: "Mzee, barua haziendi."

"Miguu inaenda."

"Huko wanaua, Mzee."

"Basi sema huna mtu. Sema tu, huna mtu, tujue moja."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, muda mrefu. Macho yake bila miwani ni madogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Ninaye," akasema.

Jumamosi, 7 Agosti

Redio inasema wamepatana. Wakubwa wamekaa, wametia sahihi, mafuta yatapita. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia Kato aliyekuja kuaga, umesikia, si wamepatana?

"Wamepatana wao, Mzee."

Lakini anakwenda. Shule zimefungwa. Atapita Malaba, Tororo, mpaka Masaka, amlete mzee, arudi kabla ya shule kufunguliwa tarehe sita Septemba. Karimi hakutoka chumbani. Mama yake alimfungia viazi vikuu na kuku.

Baridi ya Agosti inakata, na yeye ana kijikoti cha ualimu tu. Nimempa koti langu la posta, lile la mvua, la kijivu, lenye vifungo vya shaba. Lilimmeza mabega. Alisema webale, ssebo. Nikamwambia usinishukuru, lirudishe. Tulicheka. Naandika hapa kwamba tulicheka.

Jumatatu, 16 Agosti

Postikadi. Muhuri wa Malaba, tarehe kumi. "Leo navuka. Foleni ndefu lakini wanapitisha. Koti ni joto. Fungu lisitupwe. K."

Nimempa Karimi. Ameisoma, akaigeuza, akaisoma upande wa picha pia.

Jumatatu, 6 Septemba

Shule zimefunguliwa. Hajafika. Mabasi yanachelewa.

Jumamosi, 11 Septemba

Hajafika.

Mwalimu mkuu wake ameniuliza dirishani. Nimejibu mzee wake huenda ni mgonjwa, safari ya mzee ni ya polepole. Nimesema uongo vizuri sana. Nimejishangaa.

Jumatano, 15 Septemba

Leo nimemwona kwenye foleni. Nyuma ya mama mwenye kikapu. Miwani, kichwa kimeinama upande. Nimehudumia watu watano mbiombio, nikararua stempu mbili. Alipofika alikuwa mtu wa benki.

Alitaka fomu ya simu. Nimempa ya vifurushi.

Jumapili, 19 Septemba. Meru

Nimekuja kutazama ukarabati wa paa. Uongo. Nimekuja kutazama fungu. Lipo darini. Majani ya mgomba yamekauka yamekuwa rangi ya ngozi. Upepo ukiingia chini ya mabati yanasugua, krr, krr, kama mtu anayegeuka kitandani. Nilikaa chini yake mchana kutwa. M'Mwirichia alikuja, akakaa kidogo, akasema neno moja tu: "Nilikuambia." Kisha akaona uso wangu, akajuta. Akanitumia maziwa baadaye.

Jumamosi, 25 Septemba

Dereva wa lori la mafuta, mtu wa Runyenjes, amekuja kuchukua barua zake. Nimezoea kuwauliza madereva wote. Huyu alinitazama sana kabla ya kujibu. Kisha akauliza kama kuna mtu wetu wa posta aliyepotea.

Kwa nini?

Kwa sababu katikati ya Agosti, nje ya Tororo, askari waliteremsha watu kwenye basi. Yeye lori lake lilikuwa limesimamishwa nyuma. Kulikuwa na kijana mwenye miwani, koti la posta la kijivu, kubwa kumpita. Wakamwuliza koti la Kenya amelitoa wapi. Akasema ni la baba mkwe wake. Unaenda wapi? Nakwenda kumleta baba yangu mdogo, aniposee. Askari wakacheka. Mmoja akampigia makofi kama harusini. Wakampeleka nyuma ya ghala la pamba. Malori yakaruhusiwa kuondoka.

Dereva hakuona zaidi. Au hakutaka. Akaniomba barua zake, nikampa. Nikafunga dirisha la tatu kabla ya saa ya kufunga.

Baba mkwe wake. Mimi ambaye sikulifungua fungu, aliniita baba mkwe mbele ya bunduki.

Jumapili, 26 Septemba

Sijawaambia. Kanisani nilisimama wakati watu wameketi. Mke wangu alinivuta koti. Koti la zamani, lingine sina.

Kwa nini nilimpa lile koti? Vifungo vyake ni vilevile Kampala. Mtu wa Tororo hawezi kulitofautisha na la karani wao wenyewe. Lakini walimwuliza la Kenya. Najiuliza na kujijibu tangu jana. Kama si koti lingekuwa jambo jingine. Kama si koti. Kama nisingesema lete mtu.

Jumapili, 10 Oktoba

Tumbo limeonekana. Watu wanasalimia tumbo kabla ya kumsalimia mwenyewe. Karimi haniongeleshi tangu Septemba isipokuwa kwa kazi: Baba, chumvi. Baba, mlango. Anashona nguo ndogo. Jana aliacha sindano akasikiliza, na mimi nilikuwa nimesikia pia. Viatu nje. Vikapita.

Mama yake bado anampakulia Kato sahani siku za Jumapili. Anaifunika. Jioni chakula chake huwamwagia kuku. Nimnyang'anye hilo pia?

Bado sijawaambia. Ni woga tu. Naogopa uso wa mtoto wangu. Ndiyo nimeandika.

Jumanne, 19 Oktoba

Saa tano asubuhi. Mzee mmoja dirishani, kanzu nyeupe iliyochakaa, koti juu yake, fimbo. Viatu mkononi. Alikuwa amevivua mlangoni mwa posta.

Aliweka bahasha juu ya kaunta. Mwandiko wa Kato. Muhuri wangu, mara mbili, Embu, tisa Machi. Unasomeka vizuri sana.

"Wewe ndiye dirisha la tatu?" akauliza. Kiswahili chake ni cha jeshi, alijifunzia vitani Burma.

Nikasema ndimi.

"Mimi ni Kaggwa. Nimeitwa kuja kusema." Akatabasamu, meno mawili. "Nimechelewa. Kijana wangu yuko wapi?"

Nyuma yake foleni inanung'unika. Nilisema: "Karibu chai, Mzee."

Nimemleta nyumbani. Amekula, ameoga, amelala kwenye kiti. Barua ilimfikia Juni. Katekista alimsomea. Njia ya Kampala aliiogopa kwa ajili ya askari, kwa hiyo aliuza mbuzi akapita kusini, Bukoba, akaugua huko wiki nyingi, kisha meli mpaka Mwanza, kisha Kisumu, kisha huku, akiuliza. Alitoka kwake mwisho wa Julai.

Mwisho wa Julai. Kato alivuka Malaba tarehe kumi Agosti. Mlango aliokuwa akiuendea ulikuwa umefungwa tayari, mwenyewe yuko njiani anakuja kwangu.

Ningengoja. Ningengoja tu! Mtu niliyemtaka alikuwa anatembea.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Posta imefungwa, hakuna pa kukimbilia.

Nimewaketisha wote watatu, mzee, mke wangu, Karimi. Nimesema yote. Nilichomwambia Kato Julai, neno kwa neno. Koti. Dereva. Ghala. Kwamba nimejua siku ishirini na tano.

Mke wangu alifunika kichwa kwa leso. Karimi alinyanyuka, akanisogelea, nikafikiri atanipiga, na ningeshukuru. Akaniangalia tu. "Siku ishirini na tano," akasema. "Umeniacha nikisikiliza viatu." Akatoka.

Mzee Kaggwa aliweka fimbo katikati ya magoti. Akauliza kama dereva aliona kaburi. Nikasema hapana. Aliona mwili? Hapana. Akatikisa kichwa taratibu. "Wasswa pia hatukuona," akasema.

Nikamwambia anilaani. Nilimwomba kweli, si kwa mdomo tu. Akasema safari ni ndefu sana hii, hakuja Embu kulaani. Aliitwa kuja kuposa.

Jumamosi, 30 Oktoba. Meru

Wazee wameketi. M'Mwirichia mwenyewe amepanda darini kuliteremsha fungu, kwa umri ule. Hakutaka mtu mwingine aliguse. Mzee Kaggwa akalishika kwa mikono miwili kama tulivyomwonyesha, akasimama na soksi zake, akasema kwa Kiganda, kisha kwa kile Kiswahili cha jeshi. Anaitwa Kaggwa. Ukoo wake ni huu. Baba yake Kato aliitwa Mukasa, mkulima wa kahawa, mtu wa ucheshi. Wanaomba binti yetu. Mwenye kuoa hayuko leo, yuko njiani.

Hakuna aliyemsahihisha.

Akanikabidhi. Kamba ilikatika nilipoigusa. Majani yakabomoka mapajani mwangu. Miraa ndani imekuwa vijiti vya kuwashia moto, hakuna kijani hata kimoja. M'Mwirichia akanong'ona, tulete mbichi, wataelewa. Nikasema hapana, na safari hii nadhani nilikuwa na haki. Nilichukua kijiti cha Kato nikatafuna. Hakina maji, hakina utamu, kinachoma ufizi. Nikatafuna mpaka nikameza. Wazee wakatafuna. Karimi alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo. Akanyoosha kiganja. Nikampa kimoja.

Mzee Kaggwa naye akatoa kwenye kanzu kifuko cha buni zilizochemshwa na kukaushwa. Kwao mgeni na mwenyeji hutafuna pamoja. Sisi tunalima kahawa maisha yetu yote, hatujawahi kuiweka mdomoni namna hii. Nilichukua mbili.

Akizaliwa wa kiume ataitwa Mukasa. Limeandikwa hapa, na limesemwa mbele ya watu.

Jumapili, 7 Novemba

Mzee anataka kurudi. Nimemkatalia. Mke wangu amemkatalia. Tumemwambia kuna chumba, kuna mjukuu Januari, huko kwake kuna nini? Amesikiliza kwa heshima. Kisha akasema maneno ambayo tangu yatamkwe sina raha ya kukaa wala kusimama.

"Aliondoka kwenda kunitafuta. Akifika asinikute, atakaa kungoja. Yule mtoto ana subira sana."

Karimi alimjibu: "Basi nenda, Baba." Alimwita Baba.

Jumatatu, 8 Novemba

Ameondoka na basi la asubuhi. Kisumu, meli, Mwanza, Bukoba, njia ile ile. Ukungu mwingi, lami imelowa. Karimi alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kisha tukarudi sote wawili kwa miguu. Kwenye kona ya posta alisema, "Baba, usichelewe kula." Nimeyaandika jinsi alivyosema.

Gunia la Uganda limefika saa nne. Jepesi, barua kumi na moja. Nimezisoma anwani zote mara mbili.

Kikapu cha safari nilikibeba mimi asubuhi mpaka stendi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea, nikachungulia. Viazi vikuu, kuku, ndizi, chupa mbili za uji. Mke wangu alifunga chakula cha watu wawili. Sikumwuliza. Nimekifunika tena vizuri, nikampa mzee, naye akakiweka kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake.